Doti Isiyokatwa

Mkungu ulionipa kivuli
ndio huo huo ulionipa kunguru.
Sikuujua mkataba huo siku ya kwanza nilipoegesha
chini ya ghorofa zetu za Michenzani
Vitz yangu ya mkopo, buluu ya wino,
umri miaka kumi na sita,
deni miezi ishirini na saba.

Juani, dashibodi ingepasuka.
Kivulini, kila magharibi wanarejea kutoka jalalani,
wanakaa safu safu kama wajumbe wa kikao kisicho na ajenda,
na kila mmoja anayesimama kutoa hoja
hoja yake inanidondokea mimi.

Nikatundika CD za zamani. Wakajitazama, wakachana manyoya.
Nikanunua bundi wa plastiki Darajani.
Siku ya tatu wakamnyea bundi.

Shaame muosha magari akaniambia:
"Yale yana tindikali, mjomba. Yakishinda juani, rangi inakwenda.
Na usikwangue! Rowesha kitambaa, kiweke juu, subiri."
Nilikwangua.
Kwenye boneti sasa nina ramani
ya kisiwa ambacho hakijapata kuwepo.

Jioni moja, Mize yuko msibani Makunduchi,
nikafungua kabati lake
nikatoa doti iliyokuwa juu ya zote,
mpya, haijakatwa, haijapindwa,
nikaitandika toka boneti hadi buti,
nikaibana kwa milango,
nikalala usingizi wa tajiri.

Kazi yangu ni kusoma mita za maji.
Kanga sikuisoma.

Chini pale ilikuwa maua tu na korosho pembeni.
Lakini kutoka juu, kutoka kila baraza la ghorofani,
paa la gari langu lilisema kwa herufi za kiganja:
NIMEJAALIWA MIMI, PRESHA IMEPANDA KWAKO.
Na baraza inayolitazama paa hilo ni ya Bi Raya,
ambaye gari ya mwanawe
benki waliifuata mwezi wa Shaabani,
mchana, watu wanaona.

Saa tatu asubuhi jibu lilikwishaanikwa,
limefuliwa makusudi, linachuruzika:
CHA KUAZIMA HAKISITIRI MWILI.
Matone yake yakaangukia kioo changu
moja, moja, bila haraka.
Mimi nikashukuru: leo maji, si kunguru.

Mize alirudi Ijumaa.
Alisimama na mkoba wake begani, akatazama chini, akatazama juu.
"Ussi, umeandika nini hapa?"
"Sijaandika. Nimefunika."
"Umefunika nini?"
"Gari."
"Na Bi Raya?"
Sikuwa na la kujibu. Niliufuta ufunguo kwa shati.

Akaivuta kanga.
Palepale kwenye neno MIMI
kunguru alikuwa ameweka nukta, nyeupe, mbichi, imekaa sawasawa.
Mize alibana midomo. Mabega yakamtikisika.
Akaiingiza kanga kwenye beseni,
akapanda ngazi mikono mitupu.

Nilikaa garini, vioo nimefunga, joto limenishika shingo.
Nilisubiri kelele. Hakukuwa na kelele.
Adhana ya isha ikapita.
Kisha kitu kikagonga paa, kizito kuliko kunguru:
kapu la ukili, limeteremshwa kwa kamba,
na ndani yake shuka kuukuu la mistari,
halina neno hata moja.
Sauti ya Bi Raya ikafuata, kavu vilevile:
"Funika na kioo cha nyuma.
Asubuhi kinaniwakia machoni."

Kunguru wapo. Bundi yupo, hatambuliki.
Ile doti Mize ameikata,
kipande kimoja sikioni humu ndani
na siulizi.
Ramani ya boneti nayo ipo.
Kila Ijumaa naiwekea kitambaa kilichorowa, nakaa pembeni.
Shaame anasema haitoki tena hiyo.
Nasubiri.